Mzee Aliyepanda Baiskeli Isiyo na Karia

Kabla hujacheka, jua kwamba mimi mwenyewe nimeshacheka vya kutosha, na kovu la mkanda bado liko mguuni. Njoo ulishike ukitaka. Haya yalinipata nikiwa na akili zangu zote, kwa kiasi nilichojaliwa.

Uliwahi kuyaona yale mashamba ya ngano ya serikali, huku kwetu Hanang? Kama hukuyaona, pole. Ngano ilianzia miguuni pako ikaishia pale macho yanapochoka. Upepo ukipita jioni, shamba zima linalala upande mmoja, halafu linaamka. Kombaini za kuvunia zinafuatana kama bata wanaokwenda mtoni. Siku hizi nikipita huko naona mahindi ya watu na ng'ombe wa watu, na mlima uko palepale unaniangalia. Nami nauangalia, halafu naendelea na safari.

Nilikuwa kibarua pale karakana. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme iliniacha yenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuosha vipuri kwa dizeli. Basi meneja akatangaza kwamba Sabasaba kutakuwa na mashindano ya baiskeli kuzunguka shamba, na kibarua atakayeshinda ataajiriwa kabisa, ajifunze ufundi. Ovaroli ya bluu! Chumba chenye bati! Wewe ungelala usingizi?

Baiskeli yangu ilikuwa ile nyeusi ya Kichina, nzito kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Nikaenda kwa Mzee Bura, fundi wa karakana.

"Shikamoo mzee. Nataka iwe nyepesi."

"Marahaba. Anza na wewe, punguza ugali."

Lakini alinisaidia, Mungu amrehemu. Tuling'oa karia ya kupakilia mtu nyuma, madigadi, stendi, taa, dainamo, kengele. Kuna mtaalamu mmoja wa Kizungu alikuwa ameondoka akaacha baiskeli yake ya mashindano imepinda fremu. Mzee Bura akaniombea ile mifupa. Tukachukua rimu zake za alumini, tairi zake nyembamba kama mkia wa panya, usukani wake uliojikunja kama pembe za kondoo dume, na pedeli zake zenye mikanda ya kufunga miguu. Spoki tulizikaza moja moja, mzee anazigonga kwa kucha na kusikiliza. Halafu akashika drili, akatoboa bomba la siti, akatoboa mikono ya pedeli, kila chuma kilichokaa vibaya mbele yake akakitoboa. Tulipomaliza niliinyanyua kwa kidole. Kweli tena, kidole! Ikikimbia kwenye upepo ilipiga filimbi.

"Sasa usipige chafya," Mzee Bura akasema. "Utapaa."

Siku moja kabla ya mashindano, jua likiwa limezama lakini weupe bado upo, nikaenda kuijaribu. Nimejifunga mikanda miguuni barabara. Ee bwana, ile haikuwa baiskeli, ilikuwa mbayuwayu! Nikaimba peke yangu katikati ya ngano.

Kwenye kona ya mwisho kulikuwa na tuta refu la udongo ambalo trekta zilikuwa zinalizunguka. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Jioni ile kulikuwa na mzee amesimama kando yake, shuka jeusi, fimbo mkononi.

Sasa wewe unajua, kwetu mzee hasalimiwi ukiwa umekaa juu ya baiskeli. Unashuka, unashika usukani, unasema shikamoo, unasubiri marahaba, ndipo unapanda tena. Hata kama umetumwa dawa ya mgonjwa. Lakini miguu yangu ilikuwa imefungwa! Nikifungua naanguka, nisipofungua nakosa adabu. Basi nikapiga kelele nikiwa hukohuko juu: "Shikamoo babu! Unisamehe, miguu imefungwa!" Nikapita.

Marahaba sikuisubiri.

Niamini ninachokuambia sasa. Baiskeli ikawa nzito. Siyo nzito ya upepo wala ya mlima, maana pale ni tambarare. Nzito ya mtu. Filimbi ikanyamaza. Nikasikia harufu ya samli na ugoro, na sauti shingoni kwangu, ya upole kabisa:

"Kumbe ukifungwa miguu, mzee anakuwa hayupo?"

Karia nilikuwa nimeing'oa kwa mkono wangu. Alikuwa amekaa wapi? Usiniulize, mimi sikugeuka. Wanaogeuka ni mashujaa, na mimi nilikuwa kibarua. Nilikanyaga huku nalia mpaka geti la karakana, na pale mzigo ukashuka, taratibu, kama mtu mzima anavyoshuka.

Getini alikuwepo mlinzi, Gidamis, rafiki yangu, mtoto wa wafugaji wa Gendabi. Akamulika tochi.

"Umempakia nani?"

"Sijapakia mtu!"

"Tairi ya nyuma ilikuwa imelala kabisa. Nimeiona inainuka sasa hivi."

Nikamweleza. Akazima tochi.

"Lile tuta ni kaburi la mzee wetu mkubwa. Sisi tukipita pale tunasimama, tunasalimia, tunaweka majani mabichi. Wewe umempita umekaa?"

"Kesho nitapita tena, ndiyo njia ya mashindano. Nifanye nini?"

"Shuka umsalimie."

"Nishuke katikati ya mashindano? Na kazi je?"

"Basi mbebe," akasema Gidamis.

Asubuhi tukaachiwa. Mpaka katikati ya njia nilikuwa mbele peke yangu, wenzangu wako mbali na mabaiskeli yao ya kubebea maziwa. Nyuma yao Landrova ya meneja. Nikaanza kuisikia ile ovaroli mabegani. Kisha nikaiona kona. Mzee hakuwepo, tuta tu, na ngano kila upande. Nikajiambia, pita tu, ni mchana. Lakini magoti yalikuwa yanakumbuka ule uzito. Nikafunga breki.

Mkanda wa kushoto ukafunguka. Wa kulia ukagoma. Nikaanguka na baiskeli yangu, buti ya kulia ikabaki imenasa kwenye pedeli, mkanda ukanichana mguu. Nikaung'ata kwa meno mpaka ukakatika. Wenzangu wakanifikia.

"Vipi bwana filimbi, umeishiwa upepo?"

"Anakula baiskeli yake!"

Wakapita wote wanacheka. Mimi nikatafuta majani. Majani gani? Pale palikuwa na ngano tupu, na kibarua aliyeng'oa ngano alikuwa anafukuzwa hapohapo. Landrova hiyo inakuja. Nikang'oa, nikajaza mkono, nikaiweka juu ya tuta. Nikasimama wima, damu inatiririka.

"Shikamoo babu."

Sauti ikatoka chini, tena karibu, kama mtu aliyekaa miguuni pangu:

"Marahaba, mjukuu. Nenda."

Meneja akasimamisha gari. "Unaiba ngano mbele ya macho yangu?"

"Nilikuwa nasalimia, mzee."

Aliangalia kushoto, akaangalia kulia. "Unamsalimia nani? Kesho usije."

Ndivyo nilivyoikosa ile kazi. Nilirudi nyumbani Endasak nikisukuma baiskeli, nikaanza kutengeneza za watu, na ndiyo kazi niliyozeekea. Sikuvaa ile ovaroli. Najuta? Siku nyingine, hasa mvua ikivuja ndani, ndiyo. Lakini ile marahaba ningeipata wapi?

Ila kuna kitu hakijaniacha. Nikiwa juu ya baiskeli yoyote, hata mpya, nikimfikia mzee barabarani bila kushuka, cheni inaruka. Yenyewe. Juzi nilipakiwa kwenye pikipiki, kijana akampita bibi mmoja pale Nangwa bila salamu, injini ikazima. Kijana akapiga kiki mpaka jasho. Nikashuka, nikasema, "Shikamoo mama." Ikawaka.

Kwa hiyo wewe mwenye baiskeli za kisasa, zile ambazo kiatu kinang'ata pedeli, tengeneza iwe nyepesi unavyotaka, mimi mwenyewe nitakukazia spoki. Lakini ukimwona mzee kando ya njia, fungua mguu mapema, ushuke. Kwa sababu akipanda, hakuna kifaa utakachong'oa ili ashuke.