Nguo Nyeupe ya Barwaqo

Mzee Hirsi aliingia nyumbani kwake kwa tiketi. Msichana wa mlangoni alimkatia kama mgeni, kisha akamtambua, akaona haya. Mzee akacheka, akaikunja mkononi.

Nyumba ile ya mawe, yenye baraza pana na madirisha ya kijani, ilikuwa ya kwanza kuwa na ghorofa mtaani Wabera. Aliijenga kaka yake, Warsame, kwa faida ya ngamia walioswagwa kutoka Oldonyiro, na kabla rangi haijakauka akafa. Wazee wakakaa, wakaamua kama desturi ya Wasomali ilivyokuwa: Hirsi, kijana ambaye hata ndevu hazijamjaa, akamrithi mjane, Barwaqo, pamoja na nyumba. Wakazaa humo, wakazeeka humo. Alipomzika mkewe, mzee hakuweza tena kulala pale. Akaitoa iwe makumbusho kwa sharti moja: kila atakayeingia aambiwe kwamba hapa waliishi mume na mke waliopendana.

Rita, msimamizi, mwenyeji wa Nanyuki, alikuwa amechambua masanduku yote ya nyumba hiyo. Akawapandisha juu mzee na bintiye, Halimo, akisema chumbani kuna zawadi.

Barwaqo alikuwa ameketi kitandani.

Ilikuwa sanamu tu, ya wauza nguo, lakini mzee alikuwa ameshapiga hatua kumwendea. Halimo akamshika kiwiko. Mzee alipotazama tena ndipo akaona ilivyovishwa: nyeupe tupu, toka kichwani hadi miguuni.

"Ni ile ya harusi, mzee," Rita alisema, uso umemng'aa. "Ilikuwa chini kabisa ya sanduku la mvunguni, imefungwa na ubani. Nikajua hii ndiyo aliyoipenda kuliko zote."

Kwa kina Rita, bibi arusi huvaa nyeupe. Kwa kina Hirsi, nyeupe ni ya mjane aliye edani.

"Mama Rita," Halimo akasema polepole, "baba yangu yuko hai, nawe umeshamwekea matanga." Akanyoosha mkono aivue ile shuka.

Mzee akamzuia kwa fimbo. Matanga hayo hayakuwa yake. Nguo ya eda hutolewa sadaka eda ikiisha, na Barwaqo alimwapia kwamba ile ya eda ya Warsame amempa maskini mmoja wa sokoni. Hirsi aliamini, akamwoa, akaishi naye umri mzima. Sasa aliinama, akanusa. Ubani haukuwa wa zamani. Mtu alikuwa akiubadilisha, mwaka kwa mwaka, chini ya kitanda walicholala wawili.

Rita akaomba radhi. Angemvalisha nguo nyingine sasa hivi.

"Mwache alivyo," mzee akasema. "Ila kibao cha mlangoni kina majina mawili, langu na lake. Andikeni la kaka yangu. Liwe mbele."

Akakataa mkono wa Halimo. Akashuka ngazi akipapasa ukuta, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa mara ya kwanza.