Walidhani Sikujua

Nilisamehewa kabla sijaomba msamaha, tena nilisamehewa kosa ambalo si langu. Hilo ndilo linalonikosesha amani hapa ninapoishi, katika kijiji kimoja chini ya mlima Kasigau, si mbali na Makwasinyi. Mwaka wa pili sasa niko hapa, mkunga wa kujitolea kutoka Tanzania.

Kwetu Muheza nimezalisha wanawake kwa miaka tisa. Nilipovuka mpaka pale Taveta na begi langu, nilikuwa na kiburi cha mtu anayeijua kazi yake. Lakini hapa mtu mzima mwenye ujuzi hafanyi kazi bure. Wazungu wakijitolea wanaeleweka, maana wana cha kurudia kwao. Mwafrika akija kukaa zahanati bila mshahara, huyo lazima ni mwanafunzi. Mama mwenye nyumba ninayoishi alinitambulisha kanisani hivyo hivyo: mtoto wetu wa Tanzania, amekuja atachimenti, yaani mafunzo ya kazi. Mzee wa kanisa akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na watu wakapiga makofi. Sikuwasahihisha. Kusema kweli ilinifaa, kwa sababu kibali changu cha kutibu katika nchi hii kilikuwa hakijatoka, na mpaka kitoke nilikatazwa kumtibu mtu yeyote. Nilipima watoto uzito, nikafuta meza, nikawafundisha kina mama kunawa mikono. Mama alinionea huruma. Kila jioni aliniuliza kama leo wamenifundisha kitu, nami nikamjibu ndiyo, huku nikicheka moyoni.

Binti yake wa pekee, mwalimu wa chekechea huko Mwatate, alirudi nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza. Tulilala chumba kimoja wiki tatu. Alikuwa mtani sana. Alinicheka kwa shikamoo zangu, akidai sisi Watanzania huamkia hata mbuzi.

Uchungu ulimshika asubuhi moja ambapo nesi wa zahanati, ambaye yuko peke yake, alikuwa amekwenda Voi kuchukua chanjo. Tulimpeleka hivyo hivyo, kwa miguu, mimi na mama. Mtoto alikuja haraka, hakusubiri mtu. Nilimpokea kama ambavyo mwanamke yeyote angempokea. Kondo la nyuma likatoka. Kisha ikaja damu, na haikukoma.

Nilijua ni nini hata kabla shuka haijalowa. Nikamkanda tumbo, nikamweka mtoto kwenye titi, mambo ambayo hata mpita njia angeruhusiwa kuyafanya. Sindano ya kukaza mfuko wa uzazi ilikuwa ndani ya friji, hatua nne kutoka kitandani, na friji haikuwa na kufuli. Sindano hiyo nimeichoma mara nyingi kuliko nilivyosonga ugali. Badala yake nikatoa simu. Nesi hakupatikana. Msimamizi wa shirika lililonileta alipatikana, akaniambia nisiguse dawa, kwamba mgonjwa akinifia mkononi bila kibali nitafungwa, na leseni yangu ya nyumbani nayo itakwenda. Nikamwambia anatoka damu nyingi. Akasema niite ambulansi, nikaiita. Kutoka Voi hadi Maungu ni lami, lakini kutoka Maungu kuja kwetu ni vumbi na mashimo, na gari halikimbii.

Sitamsingizia msimamizi. Yeye alikuwa sauti tu kwenye simu. Aliyeogopa ni mimi. Niliwaza jina langu kufutwa kwenye orodha ya wakunga, nikawaza watu wa kwetu watasemaje, na huku nawaza hayo mikono yangu inakanda tumbo la mwanamke anayenitazama. Utani ulikuwa umemwisha. Aliniambia anasikia baridi, nikamfunika kwa leso ya mama yake.

Alikata roho ndani ya ambulansi, kabla haijafika Maungu.

Mama alikuwa amesimama ukutani muda wote ule. Aliniona nikipiga simu, akadhani nauliza namna ya kufanya. Siku ya maziko alinishika mkono mbele ya waombolezaji, akawaambia wasinisengenye, kwamba huyu ni mtoto wa shule, alijaribu, hakujua. Mficha uchi hazai. Methali hiyo nimewaambia wanawake wengi walioona haya kuvua nguo mbele yangu. Siku ile niliyeficha ni mimi. Baada ya matanga mama aliendelea kunipakulia chakula kwanza kabla ya wote, nami nikala.

Kibali kilitoka mwezi uliofuata. Kililetwa na mtu wa bodaboda, ndani ya bahasha. Mama alifurahi akidhani nimefaulu mtihani. Akaketi kwenye kigoda na mjukuu wake mapajani, akaniomba nimsomee. Ningeweza kumwambia ni cheti cha shule. Ulimi ulikuwa tayari kusema hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka kuficha, nikasoma kama kilivyoandikwa: mkunga mwenye uzoefu wa miaka tisa, aruhusiwe kuzalisha, kuchoma sindano na kutoa dawa.

Akaniomba nirudie hapo penye miaka.

"Kwa hivyo siku ile ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

"Na dawa ilikuwa?"

"Ilikuwepo. Nilingoja ruhusa."

Nilitaka anipige. Nilisogea karibu makusudi ili asipate taabu ya kunyoosha mkono. Hakuunyoosha.

"Nimeambia kanisa lote hukujua," akasema. "Baba ya huyu mtoto alikuwa anataka kukuja hapa na watu. Nikamwambia awache, hukujua. Sasa nitawaambia nini?"

Nikasema nitakwenda kuwaambia mwenyewe. Akakataa. Alisema wataniumiza, na yeye ameshazika mmoja.

Hajawaambia hadi leo. Kila Jumapili ananisogezea nafasi kwenye benchi lake, watu waone, na tangu siku ile hajanitazama usoni.