Yule Mrefu wa Mwambani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa msichana, wageni walikuja hapa Kolo kuona michoro ya kale pangoni. Nikawapandisha mlimani na kidumu cha maji. Mchoro mmoja, mtu mrefu mwembamba wa rangi nyekundu, ulikuwa umefifia. Nikaumwagia maji. Loo, uling'aa! Wageni wakapiga makofi, nami kichwa kikavimba. Tangu hapo kila akija mgeni, namwaga. Mjinga mimi, kumbe kila kidumu kilikuwa kinaondoka na rangi kidogo.

Bibi yangu ndiye aliyekuwa akipeleka unga wa mtama pale pangoni kuombea mvua. Mwaka mmoja macho yake yalikuwa yameshaisha, nikampandisha kwa kumshika mkono. Tulipofika akauliza, "Yule mrefu yupo?"

Nikatazama, nikamwaga maji ya kidumu upesi. Jiwe tupu.

"Yupo, bibi."

Akapapasa mwamba. "Mbona jiwe limelowa, na mvua sijaiomba bado?" Nikasukuma kidumu nyuma yangu. Bibi akaendelea, "Sisi tulikuwa tunakaa, tunasubiri jua liingie pangoni. Alikuwa anaonekana mwenyewe."

Heri angenichapa! Alifariki kabla sijamwambia ukweli, na hilo linaniuma mpaka leo.

Siku hizi mvua haieleweki. Inakawia mpaka tunakata tamaa, kisha inashuka yote kwa mkupuo, na maji ya tope yanateremka kwenye michoro iliyobaki. Walinzi wa michoro waliniruhusu nichimbe mfereji kule juu kuyakwepesha maji, nikawa nauzibua kila mwaka. Sasa magoti yamegoma. Wenzangu wamekufa, watoto wangu wa kuzaa wako Dodoma mjini. Nina upweke, sikufichi. Ni mimi tu niliyebaki ninayejua yule mrefu alisimama wapi.

Basi wewe unayeishika kazi yangu ya kupandisha wageni, chukua jembe langu, lipo nyuma ya mlango. Zibua mfereji kabla mvua haijaanza. Ukipandisha wageni, maji yawe ya kunywa tu. Anayetaka kuona akae, asubiri jua, hata akinuna.

Ukishuka, pitia kwangu. Macho yangu nayo yanakwisha, na nitakuuliza kama wale wa mwambani waliobaki wapo. Usinijibu nilivyomjibu bibi. Mungu akubariki, mwanangu, akupe nguvu za jembe na subira ya macho, ili siku hiyo ukiniambia wapo, wawepo kweli.