Spika ya Sita

Kabla hujaanza kucheka, nikuambie kwamba mimi si mtu wa mambo ya mizimu. Kwetu Butere nilisoma shule ya masista, na nilifundishwa kupiga ishara ya msalaba nikalala bila kusumbua mtu. Siku hiyo sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na kilichokuwa kikombeni mwangu kilikuwa chai. Haya ninayokusimulia yalitokea sebuleni mwangu, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili. Mwenye kubisha aje, kapeti bado ninayo nimwonyeshe.

Tunakaa nyuma ya soko la Otonglo, ukishuka kuelekea ziwani. Ni boma la kwao mume wangu, Baba Achieng, ambaye ni dereva wa lori la kwenda Busia, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tunabaki wawili, mimi na mama mkwe. Binti yetu yuko shule ya bweni. Mama mkwe na mimi tunaelewana kwa Kiswahili chetu cha kuokoteza, yeye akitokea kwenye Kijaluo chake na mimi kwenye Kiluhya changu. Huniita Nyar Butere, yaani binti wa Butere, hata akiwa amenikasirikia.

Sasa, mama mkwe alikuwa na mtoto mwingine, kitinda mimba wake, Ouma. Huyu Ouma alikuwa fundi wa redio kule mtaa wa Manyatta. Miaka mingi kabla sijaolewa, alivuka kwenda kisiwani akiwa na spika moja kubwa aliyokuwa ametengenezea watu wa huko. Boti ikapinduka. Wengine waliokolewa, boti ikavutwa ufukweni, lakini Ouma na ile spika hawakuonekana tena. Mimi sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa picha moja tu ya ukutani, akiwa mtoto mdogo wa shule, kaptula imemzidi.

Watu wa hapa wana desturi yao. Mtu akipotelea majini na mwili usipatikane, huchukuliwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia mtini, likazikwa badala yake, kwa maombi na vilio kama mazishi mengine yoyote. Bila hivyo wanasema mtu hana pa kupumzikia. Wazee walikuja kwa mama mkwe mara nyingi kuhusu jambo hilo. Nilikuwepo siku moja akiwajibu.

"Mnataka nizike matunda?" aliwauliza. "Mimi naweka sahani. Mtu hai anakula. Siku Ouma atakataa chakula yangu, hiyo siku ndiyo mtaniambia amekufa."

Na kweli, kila jioni alifunika sahani ya ugali na samaki mezani. Mlango ulikuwa haufungwi kwa komeo, hata mvua inyeshe, hata mbwa wa jirani waingie. Yeye mwenyewe alikuwa hali kitu. Alionja tu, akasukuma sahani yake mbali, akakodolea macho ile iliyofunikwa. Alikonda hadi gauni la kanisani likawa linamvaa yeye. Nilimbembeleza, nikamtania, nikapika kila nilichojua kupika. Niamini, nilikuwa naogopa kwamba nyumba ile ingezika mama kabla ya kukubali kumzika mtoto.

Basi mvua za masika zilipokuwa zinaanza, Baba Achieng akarudi na boksi zito. Ndani yake mlikuwa na risiva ya mtumba pamoja na spika zake, yaani ile mashine ya kuunganisha televisheni na spika za kuzunguka chumba chote. Nyinyi mnaopenda mambo haya mnaijua: spika mbili mbele, moja katikati ya kutolea maneno ya watu, mbili nyuma ya sofa, na wufa, lile sanduku la besi la kutikisa madirisha. Ukitazama sinema yenye mvua, unatamani kukimbia nje kuanua nguo.

"Baba Achieng," nikamwambia, "paa letu linavuja, na wewe unatuletea mvua nyingine ndani?"

Akacheka, akaendelea kuchomeka waya. Lakini kwa nini nikufiche, niliipenda. Wimbo wa kwaya ukipigwa, unamsikia mwenye sauti nzito amesimama pale karibu na pazia, na wale wa sauti nyembamba wako kwa dirisha.

Mashine ile huja na kipaza sauti kidogo cha kupimia. Unakiweka pale anapokaa msikilizaji, mnanyamaza wote, nayo inatoa mlio kwa kila spika kwa zamu, kisha inakuandikia kwenye skrini imekuta spika ngapi na kila moja iko umbali gani. Tulikiweka katikati ya sofa, mahali pa mama mkwe. Ikalia mbele, ikalia katikati, ikalia nyuma kulia na nyuma kushoto, wufa likanguruma. Halafu, tulipodhani imemaliza, tukasikia mlio mmoja zaidi, mdogo, kutoka nyuma kabisa. Mtu angedhani unatoka nje ya nyumba.

Skrini ikaandika spika sita.

Wufa, mashine ilikuwa imelihesabu peke yake, usije ukadhani ndilo. Baba Achieng alipiga magoti akaangalia nyuma ya mashine. Tundu la spika ya sita lilikuwa tupu. Akapima tena, ikaja sita tena. Na umbali wa hiyo ya sita, ukiufuata kutoka sofani, unatoboa ukuta, unapita jikoni, unapita migomba, unaingia majini. Mume wangu ni mtu wa mzaha, lakini siku hiyo mzaha ulimwisha. Alizima, akaenda kulala, na asubuhi akaniambia niite fundi kutoka Manyatta, kisha akawasha lori akaondoka.

Tangu hapo ile mashine haikutulia. Sinema ikifika mahali pa kimya, nyuma ya sofa tulisikia maji yakipiga ubao, taratibu, kama mtu anayebisha bila haraka. Mama mkwe alipenda hivyo. Aliniomba nimwashie bila picha yoyote, akakaa katikati ya sofa, macho nusu yamefumba, mikono mapajani. Na mimi, sijui ni nini kilinipata, nikawa nakaa naye. Jioni zilikuwa zinapita hivyo, nyepesi, tukisahau hata kuwasha taa.

Fundi aliahidi kuja siku moja alasiri. Alasiri ikafika na mvua ya kufumba macho. Kukawa giza kabla ya saa ya giza. Mama mkwe alikuwa mahali pake, mashine imewaka, na mimi nilikuwa mlangoni nikisukuma maji kwa fagio, nilipomwona kijana amesimama kizingitini. Sikumwona akija. Suruali ilikuwa imemganda miguuni, maji yanamtiririka hadi kwenye kapeti.

"Wewe ndiyo fundi?" nikamuuliza. "Umebeba mvua yote ya Manyatta! Futa miguu, hiyo kapeti nimeosha juzi."

"Pole, shemeji."

"Shemeji yako nani? Ingia basi."

Nikampa taulo. Alilipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, lakini hakujifuta. Hakuwa na mfuko wa vifaa, hata bisibisi. Nikasema moyoni, mafundi wa siku hizi. Alikwenda moja kwa moja kwa mashine bila kuuliza iko wapi, akaweka kiganja juu yake, vile unavyompima mtoto homa.

"Hii iko sawa," akasema. "Imehesabu vizuri."

"Imehesabu vizuri aje? Spika ni tano. Ata mimi najua kuhesabu."

"Ya sita iko. Ni ile nilikuwa nimebeba."

Hapo ndipo mwili ulinisisimka. Si kwa maneno yake, hayo sikuyaelewa bado. Kijana alikuwa mbele yangu, midomo yake naiona ikicheza, lakini sauti ilikuwa ikitoka nyuma ya sofa. Ilitoka mbali, na maji ndani yake.

"Mbona iko mbali hivyo?" mama mkwe akauliza. Hakuwa amegeuza kichwa. Aliuliza kwa upole, kama watu waliokuwa wakizungumza tangu asubuhi.

"Inapima mahali niko, Mama."

Mama mkwe akainuka. Mimi nilikuwa nimeshikilia fagio, sisogei. Alikwenda mezani, akafunua ile sahani, ambayo siku hiyo alikuwa ameiweka mapema kwa ajili ya giza, mvuke ukapanda. Akavuta kiti.

"Kaa, ukule."

"Nimeshiba, Mama."

"Kidogo tu. Ni samaki wako, ngege. Nimetia pilipili vile unapenda."

Kijana aliitazama sahani kwa muda mrefu. Sijawahi kuona mtu akitazama chakula kwa upendo namna ile. Alinyoosha mkono hadi karibu na samaki, kisha akaurudisha.

"Siwezi, Mama," sauti ikasema nyuma yetu.

Niliuona uso wa mama mkwe. Sijui nikueleze vipi. Mtoto wake aliyekuwa hakatai chakula, aliyekwangua sufuria akitoka kazini, alikuwa amekikataa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka sharti lile mbele ya wazee, na sasa lilikuwa limemjia hadi mezani pake. Alishika ukingo wa meza. Nilidhani ataanguka, nikaacha fagio, lakini alinizuia kwa mkono.

"Unataka nini basi?" akamuuliza.

"Huko baridi ni mingi. Nataka kulala nyumbani."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati, na mimi niliisikia kama inanyesha mahali pengine, mbali. Mama mkwe akaifunika sahani, polepole.

"Sawa, nyathina," akasema, na hilo kwa Kijaluo ni mwanangu. "Tutakutengenezea mahali."

Kijana akainamisha kichwa. Alinipita pale mlangoni, na alipokuwa karibu nami alinuka matope ya ziwani. Akatoka, akashika njia ya migombani. Na unajua mimi nilifanya nini, mwanamke mwenye akili zangu? Nilipiga kelele, "Fundi! Taulo yangu!"

Hakugeuka. Nilisimama pale nikitazama, na ndipo nikagundua kwamba majirani wote walikuwa gizani. Stima, huo umeme wetu, ilikuwa imepotea Otonglo yote tangu mvua ilipoanza. Nikageuka nyuma. Ile mashine ilikuwa bado inawaka, taa yake ya samawati imemwangaza mama mkwe. Kisha nayo ikazimika.

Asubuhi fundi akapiga simu. Alisema samahani mama, mvua ilinishikia Manyatta jana, naweza kuja leo? Nilimwambia asijisumbue. Taulo nililikuta kwenye ua wa upande wa ziwa, limekunjwa vizuri. Lilikuwa kavu kabisa, na usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha.

Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyewaita wazee. Tulimzika Ouma ndani ya boma, chini ya dirisha la mama yake, yago imevishwa shati lake na kulazwa kwenye jeneza. Mchungaji aliomba, kwaya ikaimba, Baba Achieng akashindwa kusema salamu za familia. Mama mkwe hakulia. Watu walinong'ona kuhusu hilo, watu hawakosi la kusema.

Wageni walipoondoka, aliniita sebuleni. "Nyar Butere, pima hiyo kitu yako."

Nikaweka kipaza sauti mahali pake katikati ya sofa. Tukanyamaza. Mashine ikalia mbele, ikalia katikati, ikalia nyuma kulia na nyuma kushoto, wufa likanguruma. Tukangoja. Tukangoja tena. Skrini ikaandika.

"Inasema ngapi?"

"Tano, Mama."

"Angalia mzuri."

"Ni tano."

Akaketi sakafuni, pale pale kwenye kapeti, palipobaki alama za ile miguu yenye maji ya yule kijana. Ndipo akalia. Alilia kilio cha miaka yote ile, na mimi nilikaa chini nikamshika, nikalia naye, mtu ambaye sikuwahi hata kumjua marehemu akiwa hai.

Siku hizi anakula. Amerudisha mwili, na gauni la kanisani limerudi kuwa lake. Jioni hufunga mlango mwenyewe, kwa komeo. Aliyebaki na shida ni mimi. Zile alama kwenye kapeti nimezisugua kwa kila sabuni na bado zipo, na nimeacha kuzisugua. Mvua ikinyesha alasiri, mimi huwasha ile mashine bila picha, nikasikiliza nyuma ya sofa. Hakuna kitu. Na moyo huniuma, niamini, kwa ajili ya kijana ambaye nilikutana naye mara moja tu nikamgombeza.

Kwa hiyo nisikilize wewe unayetaka kununua mashine kama hii. Ikikuhesabia spika ambayo hujaifunga, usikimbilie kuirudisha dukani wala kuita fundi. Kaa na watu wako muulizane ni nani wa nyumba hiyo bado yuko nje kwenye baridi. Na akifika mlangoni kabla hamjamaliza kuulizana, tafadhali, usimwambie afute miguu.