Mwezi Uliosimama

Mtaa wa Sarjub, katika mji wa Ardakan kando ya jangwa, hakuna aliyekuwa na darubini isipokuwa Nosratollah, fundi saa. Alipewa na Mjerumani mmoja wa migodini, ambaye saa yake ilikuwa imewashinda mafundi wa miji mitatu. Siku ya kuondoka, yule bwana akaiteremsha garini, bomba la shaba refu lenye kioo mbele na miguu mitatu ya mti, akasema chukua, wewe una subira. Kweli subira alikuwa nayo. Mtu anayeshinda kutwa akitafuta skrubu isiyozidi punje ya ufuta, mwezi utamshinda nini?

Akaisimamisha uani, kati ya kidimbwi na mti wa komamanga, ikielekezwa juu ya ukuta wa magharibi. Tangu hapo, kila jioni ya ishirini na tisa ya Shaabani na ya Ramadhani, mtaa mzima ulijaa kwake. Wanaume uani, wanawake ukumbini, watoto ukutani kama njiwa. Sayyid Mortaza, imamu wa msikiti wao, alishindana na masheikh wenzake kwa ajili ya bomba lile. "Miwani si kioo?" aliwauliza. "Mbona mwenye miwani mnampokea ushahidi wake?" Basi Sarjub ikawa haingoji redio wala mtu. Fundi Nosrat akisema mwezi umeandama, umeandama.

Heshima ni tamu jamani. Mtu aliyezoea kuitwa "ewe fundi" dirishani sasa akipita sokoni anasimamiwa, anapishwa kwenye maji, anaulizwa hata habari za mvua, kana kwamba mvua nayo anaiona kwenye bomba. Naye akaipenda. Ndiyo maana mtoto wa jicho alipomwingia, kwanza la kulia kisha la kushoto, hakumwambia mtu. Mwaka mzima taa za barabarani zilimwotea ndevu. Saa ndogo ndogo za wanawake akawa anazikataa, anasema hana vipuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye methali hiyo aliijua vizuri. Akaificha tu.

Jioni hiyo ya ishirini na tisa ya Ramadhani mbingu ilikuwa na vumbi, ya manjano chini kabisa. Jua lilizama. Nosrat akainama, akalisogeza bomba polepole kutoka kusini kwenda kaskazini, jinsi alivyozoea, na kila alichokiona ni maziwa matupu.

"Vipi fundi?" akauliza Mashdi Rajabali, muoka mikate, mtu mnene mwenye sauti ya tanuri. "Kesho niwashe moto au nilale?"

"Ngoja, Mashdi."

"Nangoja. Mwenye macho haambiwi tazama."

Watu wakacheka. Nosrat akasikia masikio yanawaka. Akalisogeza tena, na hapo, katikati ya ukungu, akauona. Uzi wa dhahabu, uliopinda, umelala chali. Akafumba jicho, akafumbua. Bado upo. Alhamdulillahi! Furaha aliyoipata haikuwa ya Idi, ilikuwa ya macho yake. Kumbe bado yanaona!

"Nimeuona!" akasema. "Umeandama!"

Rajabali akamsogeza kwa tumbo, akabandika jicho. "Uko wapi? Uko... Ee! Wallahi nauona! Kama ukucha! Loo, mwembamba huo!"

Sayyid Mortaza naye alijaribu, akajiondokea. "Mimi tangu lini nikaona kitu humu zaidi ya kope zangu," akasema. "Nina mashahidi wawili waadilifu, wanitosha." Akamshika Nosrat kichwa, akambusu paji la uso. Punde takbira ikapanda mnarani, watoto wakaruka kutoka ukutani, ua ukamwagika barabarani.

Nosrat akabaki peke yake kuifunika darubini. Kabla ya kuifunika akachungulia mara moja zaidi, kwa uroho tu, kama mtu anayerudi kuonja mchuzi.

Uzi wa dhahabu ulikuwa palepale.

Alikuwa fundi saa. Alijua kitu kimoja kuhusu mwezi kuliko vyote: mwezi hausimami. Ukiuweka kwenye kioo, hujamaliza hata kukohoa umeshaanza kutoka, lazima uzungushe skrubu uufuate. Rajabali alitazama, Sayyid akatazama, watu wakakumbatiana, takbira ikasomwa, na mkono wake haukugusa skrubu hata mara moja. Akakiinua kichwa, akakunja macho. Ng'ambo ya ukuta, juu ya kuba la hamamu, nyumba ya kuogea ya mtaa, kulikuwa na kitu kinang'aa. Zile chupa za vioo zilizochomekwa kwenye paa la hamamu ili mwanga uingie! Mwenye hamamu, kwa tamaa ya wateja wa kuamkia Idi, alikuwa amewasha taa mapema, na ukingo wa chupa moja umeshika mwanga wake.

Taa ya hamamu. Alikuwa ametolea ushahidi taa ya hamamu.

Akatoka mbio hadi mlangoni. Wallahi alitoka na nia ya kusema. Lakini barabara ilikuwa imejaa, na mtu wa kwanza kumwona akapaza sauti, "Fundi! Mungu akudumishie macho hayo!" wa pili akamkumbatia, wa tatu akamtia tende mkononi. Mdomo wake ukafunguka, ukasema, "Idi njema." Akarudi ndani.

Mkewe, Bibi Eshrat, alikuwa anatandika kitambaa cha futari. "Uliuona sawasawa, Baba Mahin?"

"Niliuona."

Hapo sasa hakuna tena mtoto wa jicho wala vumbi. Hapo ni uongo mtupu, wa mdomo wake mwenyewe.

Asubuhi alisali sala ya Idi katika safu ya mbele. Alisali akiwa amefunga, maana alfajiri aliamka kimya akatia nia ya saumu na kunywa maji gizani. Mtaa mzima unakula kwa neno lake, yeye anafunga! Kila aliyembusu shavuni alimwona kama anambandika tope. Nyumbani akajimiminia chai, akaenda nayo uani, akaimwaga chini ya mkomamanga.

"Mkomamanga nao unasherehekea Idi?" Eshrat alikuwa amesimama ukumbini, shuka lake la kutokea limeshakaa kichwani.

"Ilikuwa imepoa, Mama Mahin."

"Moshi ulikuwa unatoka." Akaitazama darubini chini ya kitambaa chake, akamtazama yeye. "Washa pikipiki. Nipeleke kwa dada yangu kijijini."

Kila mtu Ardakan anajua maana ya kusafiri siku kama hiyo. Mwenye shaka na mwezi hutoka nje ya mji kabla ya adhuhuri. Akishavuka mpaka wa msafiri, kufunga hakumlazimu, anakula kwa amani na kulipa baadaye. Lakini mke wa shahidi? Mke wa shahidi kutoka mjini asubuhi ya Idi?

"Watu watasema nini?"

"Nikifunga, nimekuita mwongo. Nikila, najidanganya mwenyewe. Wewe niambie, nifanye lipi?" Kisha akaongeza, "Nilichungulia humo asubuhi wakati wa kufagia. Nimeona chupa ya hamamu, na njiwa juu yake anajikuna. Shukuru ilikuwa jioni, zamu ya wanaume kuoga. Ingekuwa zamu yetu ungepigwa mawe."

Wakatoka. Barabarani watu walikuwa wanapelekeana sahani za vitamu, na kila aliyeiona pikipiki ile na mama yule ameshika kikapu aliwatazama mara mbili kabla ya kuwatakia Idi njema. Rajabali alikuwa amekaa kizingitini, miguu ndani ya beseni la maji, anapumzisha mwaka mzima wa tanuri. "Mnakwenda wapi, bibi na bwana harusi?" akauliza. Kicheko chake kikaishia njiani. Nosrat akaongeza mafuta.

Wakapita bustani za makomamanga, wakapita tanuri la matofali, wakaingia jangwani. Mbele kidogo Eshrat akampiga bega, wakasimama kando ya njia. Akatoa mkate na jibini kikapuni, akakata kipande, akakishika mkononi. Mpaka wa msafiri ni pale adhana ya mji isiposikika na majengo yake yasipoonekana.

"Nimevaa shuka, shingo hainigeuki," akasema. "Nitazamie. Mnara bado unaonekana?"

Nosrat akageuka. Nyuma yake kulikuwa na mwanga mweupe tu na kitu kama moshi. Akakaza macho kidogo, kwa heshima, kama alivyokuwa akifanya mbele ya watu.

"Hauonekani," akasema. "Hauonekani kabisa. Kula."

Eshrat hakula. Kipande cha mkate kilibaki mkononi, na mkono ukashuka polepole hadi magotini.

"Nosrat," akasema. Miaka yote ile ya ndoa hakuwa akimwita jina mbele za watu, na hata faraghani kwa nadra. "Mnara uko pale. Minara yote miwili iko pale. Naona hadi vigae vyake."

Upepo ulikuwa unapeperusha shuka lake. Nosrat alitamani ardhi ipasuke. Hakuwa ameulizwa na imamu, hakuna umati ukutani, hakuna wa kumpigia makofi. Mke wake mwenyewe, mwenye njaa, alimuuliza swali dogo njiani, na yeye akamjibu kwa uhakika kitu asichokiona. Mazoea tu. Akajua kwamba angeendelea hivyo, mwezi baada ya mwezi, hadi kaburini.

"Tangu lini?" Eshrat akauliza.

"Mwaka. Zaidi ya mwaka."

"Na mimi unanipakia nyuma ya pikipiki!" Akapigwa ngumi ya mgongo, ya haki kabisa. Kisha akamsikia anavuta pumzi, na alipoongea sauti ilikuwa imelowa. "Ungeniambia mimi. Si ningekutazamia?"

Akaurudisha mkate kikapuni. "Geuza. Adhuhuri bado. Nami nitakuwa naangalia njia, wewe shika usukani tu."

Msikitini walimkuta Sayyid Mortaza anataka kukimu sala. Nosrat akaenda mbele, viatu mkononi kama mwizi, akageuka kuwatazama watu asioweza kuwapambanua nyuso.

"Jana sikuuona mwezi," akasema. "Niliona taa kwenye paa la hamamu. Nilijua jana ileile, kabla hamjafika makwenu. Nikanyamaza. Na leo mimi mwenyewe nimefunga."

Maneno ya mwanzo yaliwashangaza. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyowachoma.

"Sasa mimi niliona nini?" akauliza Rajabali kutoka safu ya tatu.

"Taa hiyohiyo, Mashdi."

"Lo! Na nilivyoapa!"

Mtu akacheka nyuma ya pazia la wanawake, kisha akanyamaza, maana hakuna aliyemuunga mkono. Sayyid akawaambia watu kwamba wao hawana dhambi, waliamini ushahidi. Wajizuie kuanzia sasa hadi magharibi, na baadaye walipe siku moja. Halafu akasema, "Ama fundi..." Hakumaliza. Akaelekea kibla, akafunga sala.

Hakuna aliyemtukana, na afadhali wangemtukana. Mchana ule alirudi nyumbani kwa miguu, akiisukuma pikipiki, na katika kila nyumba ya mtaa alisikia vyungu vinafunikwa. Nyama ya Idi, wali wa zafarani, vifuniko vinalia kwa zamu, mlango hadi mlango, hadi kwake. Rajabali alikuwa ameitoa miguu kwenye beseni. Alikuwa anawasha tanuri, maana watu watataka mkate wa futari.

Jioni walikuja. Si wote, lakini walikuja, wakasimama mbali kidogo na ukuta. Thelathini ilikuwa imetimia, hakukuwa na haja ya shahidi. Watoto waliuona mwezi kwa macho matupu, mnene, juu kabisa ya kuba la hamamu, wakaanza kupiga kelele. Darubini ilikuwa chini ya kitambaa.

Eshrat ndiye aliyeifunua. Akainama, akahangaika nayo kidogo, akakipata alichokitaka. "Njoo, Baba Mahin."

"Acha, Mama Mahin."

"Njoo."

Akaja. Watu wakatulia, kama walivyokuwa wakitulia siku zote akibandika jicho, wakingoja neno lake. Mle ndani mlikuwa na maziwa tu. Chini ya shavu lake alisikia vidole vya mkewe vinazungusha skrubu, taratibu, bila kukoma, vinafuata kitu kinachokwenda.

"Unauona?" akauliza Sayyid Mortaza nyuma yake, kwa upole.

Neno la zamani lilikuwa tayari mdomoni, limekwishainuka. Akalimeza.

"Sioni," akasema. Na kwa kuwa waliokuwa mbali hawakusikia, akainua kichwa, akasema tena kwa sauti, "Jamani, sioni."