Kipande cha Koniba

Mara mbili Worokia alikuwa ameijaza tope pembe ile ya kitambaa, na mara mbili, alipokisuuza karaini, tope liliachia. Kwingine kote lilikuwa limeng'ata, jeusi kama masizi ya chungu. Pembeni tu palibaki manjano ya majani kilimochovywa kwanza: kichwa kidogo na mwili mwembamba, kama kichanga kilichoviringishwa nguo.

Mchoraji wa tope haichori alama. Hupaka kuizunguka, alama ikabaki pale ambapo mkono haukugusa. Miaka arobaini Worokia alikuwa amewafunika mabibi harusi, wazazi na maiti wa kijiji kile, na hakuna alama iliyowahi kubaki bila yeye kuiacha.

"Umekishika kitambaa changu na mikono yako ya mafuta, mla kunde wewe," alimwambia mtani wake, Tenin Kulibali, mkunga aliyekuja kumtazama Sanata.

"Mimi? Nyinyi kina Diara mnaiba hata kunde za mbegu, halafu wachafu tuwe sisi!" Tenin akacheka. Kisha akaiona ile pembe, kicheko kikamkatika. "Tope hili umelitoa wapi?"

"Mtungini."

"Mtungi wa nani?"

Worokia alitazama nyuma ya ghala. Mtungi wake ulipasuka wakati wa kiangazi. Uliobaki ni wa marehemu Koniba, mke mwenzake, uliokaa nyuma ya ghala miaka thelathini. Alipoufunua alitarajia kukuta udongo mkavu. Alikuta tope bichi, linanuka chuma.

Sanata, binti mjamzito wa Worokia, aliegemea ukuta, miguu imemvimba. Alikwisha kuzika vichanga viwili.

"Mama, maliza basi. Kiuno kinaniuma tangu asubuhi."

Mzazi hufungwa kitambaa cha tope ili damu yake ipate pa kukaa, isimdhuru. Na katika ukoo wao hakuna mwanamke anayejichorea chake. Ndiyo sababu Koniba, alipokuwa mjamzito, alimwomba Worokia. Worokia akakubali, kisha akakiweka kitambaa kando siku baada ya siku, kwa wivu tu, maana mume wao alikuwa hatoki nyumba ya mwenzake. Koniba akajifungulia kwenye kitambaa cheupe. Damu haikukoma; alizikwa nacho, mtoto wake ubavuni. Waliouliza waliambiwa tope lilikuwa halijaiva mtungini.

Akapaka mara ya tatu. Jua likakausha. Akasuuza. Kichanga cha manjano kilikuwa palepale, na sasa kilikuwa kimebebwa mikononi mwa mwanamke wa manjano.

"Tenin," alisema, "nipe wembe."

Kitambaa cha kwao ni vipande vyembamba vilivyoshonwa ubavu kwa ubavu. Worokia alifumua mshono wa kipande cha pembeni, akakipeleka nje ya kijiji, kwenye kaburi la Koniba lililokwisha kubonyea, akakitandika.

"Dada mkubwa," alisema, "tope lilikuwa limeiva. Mimi ndiye sikutaka. Chukua chako. Huyu wangu niachie."

Hapakuwa na upepo. Kipande kilijikunja polepole, upande mmoja juu ya mwingine, kama kanga ya mtu anayejifunga kiunoni. Worokia hakungoja kuona zaidi.

Alimkuta Sanata amekwisha kupiga magoti. Wakamfunga kitambaa kile kilichopungua kipande. Kabla jua halijateremka kwenye paa la ghala, mtoto wa kike alilia, damu ikakoma, na mama yake akaomba maji ya kunywa. Worokia akaketi chini palepale.

"We Worokia!" Tenin alifoka, akimwosha mtoto. "Huna adabu? Umemshika mtoto hata hujanawa!"

"Sijamgusa."

Tenin akauinua mkono wa mtoto. Chini ya kila ukucha palikuwa na mstari mweusi, kama kucha za mwanamke aliyeshinda akipaka tope. Worokia akauinamia, akaunusa. Chuma. Akaosha kidole kimoja kimoja. Maji yalibaki meupe, na weusi ulibaki palepale.

"Tutamwita nani, Mama?" Sanata aliuliza.

"Jina amekuja nalo," alisema Worokia. Akajaribu kuchomoa kidole chake kwenye kiganja kile kidogo. Hakikutoka.