Stelingi Hafi

Juzi nilipita kwa fundi mmoja pale sokoni Mwanga, mjini Kigoma, nikamkuta ameiwasha televisheni ya kichogo iliyokaa stoo miaka mingi. Ilipopata moto ikaanza kutoa ile harufu yake, ya vumbi linaloungulia ndani na plastiki inayokaribia kuyeyuka. Mimi, mwanamke mzima mwenye kikapu cha dagaa mkononi, nikasimama pale nikalia. Fundi alidhani televisheni ni yangu. Akanipa pole, akaniambia inatengenezeka. Nikamshukuru nikaenda zangu, maana ningeanzia wapi kumweleza?

Nawaeleza ninyi. Baba yangu alikuwa mtafsiri wa filamu.

Msimwone msomi. Siku za kazi alikuwa fundi cherehani, akishona suruali na sare za shule palepale Mwanga. Lakini Jumamosi mchana alivaa shati lake la mikono mirefu, tukashuka pamoja hadi banda la video la Mzee Rajabu, jirani yetu wa Katubuka. Lilikuwa banda la mabanzi na bati, lenye mabenchi sita na mkeka mmoja mbele kwa ajili ya watoto. Filamu zilikuja na Kiingereza chake, watu walitaka Kiswahili, na baba ndiye aliyekaa kando ya televisheni na maiki akitueleza nini kinasemwa. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, na hicho chenyewe alikuwa amekisahau nusu. Asipoelewa aliunda. Nakwambia aliunda vizuri kuliko wenye filamu.

Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa moja ya zamani, kasha lake limepotea, jina lake hatukulijua. Ilihusu mji wa miaka mingi ijayo uliojengwa chini ya ukuta mkubwa unaozuia maji. Baba alisema huo mji ni Kigoma ya miaka mia moja mbele, na maji ni ziwa letu limepanda. Siku moja mtu wa benchi la nyuma akauliza kama wakati huo treni itakuwa inafika kwa saa yake. Baba, bila kuondoa mdomo kwenye maiki, akajibu kwamba hilo filamu haikusema.

Mlinzi wa ule ukuta alikuwa na jina la Kizungu lisilotamkika, kwa hiyo baba akamwita Bigilimana, mzaliwa wa Kidahwe, kijiji cha hapahapa jirani. Kila Bigilimana alipookoa watu, alipoteza kiungo. Akitoa watoto kwenye basi linalozama, mguu unakatika. Madaktari wanamwekea wa chuma. Akimvuta mama mmoja kutoka kwenye mashine, mkono unakwenda. Wanamweka wa chuma. Hivyohivyo jicho, hivyohivyo mbavu, mpaka inafika mwisho amebakiwa na mkono mmoja tu wa nyama, wa kulia. Na hapo ndipo ukuta unapasuka, naye anakwenda kulisukuma lile lango kubwa la chuma na kulishikilia mpaka mji mzima unapanda mlimani. Maji yanatulia. Kamera inasogea taratibu kwenye ule mkono wa nyama, nao unafunguka, kidole kimoja kimoja. Chuma chote kilichobaki kimesimama vilevile, kimeshika lango.

Ubishi ulikuwa hapo. Kulikuwa na vijana waliosema huyu si shujaa. Shujaa huruka angani, hupasua mawe, ana nguvu alizozaliwa nazo; huyu ni roboti tu, vipuri vinabadilishwa kama baiskeli. Siku moja baba alisimamisha deki. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini hapo hakutania.

"Roboti haiogopi," alisema. "Angalieni mkono wake wa nyama unavyotetemeka kila mara kabla hajaingia. Anajua kinachokatwa hakioti. Na bado anaingia."

Kisha akabonyeza deki ikaendelea. Mimi sikuyajali sana hayo maneno. Kwangu lililokuwa na uzito ni jambo moja. Kwetu mhusika mkuu wa filamu aliitwa stelingi, na hata mtoto wa chekechea alijua sheria: stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi, akazamishwa, akarushwa kutoka ghorofa ya kumi, lakini hafi, maana akifa filamu itaendelea na nani? Basi mkono wa Bigilimana ulipofunguka, baba alilegeza sauti akasema, "Msilie. Amelala tu, anachajiwa. Jumamosi atakuja." Watu wazima wakapiga makofi, wengine wakaitikia, "Kachajiwe, Bigilimana!" Na kweli, Jumamosi iliyofuata Mzee Rajabu akiweka filamu, Bigilimana huyo, miguu yote miwili ya nyama, anatembea juu ya ukuta akipiga mluzi. Ushahidi gani zaidi nilihitaji?

Nilikuwa na miaka tisa baba alipokatwa mguu. Sukari ilikuwa imemsumbua muda mrefu, kidonda cha kidole kikapanda, na hospitali wakaukata chini ya goti. Mama alilia siku nzima jikoni. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikwenda shuleni nikawatambia wenzangu kwamba baba yangu ameshaanza. Alipoletwa nyumbani na gongo lake la kutembelea nilimzunguka nikitafuta, nikamuuliza mguu wa chuma uko wapi. Mama alitaka kunizaba kofi. Baba alicheka mpaka akakohoa, akasema mguu umeagizwa, meli ndiyo imechelewa.

Akarudi kwenye cherehani, akikanyaga kwa mguu mmoja. Suruali zikawa zinatoka mbili badala ya nne. Jumamosi Mzee Rajabu alimfuata na baiskeli, akamkalisha kando ya televisheni, naye akatafsiri kama zamani, ila alipumzika katikati ya sentensi na sauti ikawa nyembamba. Alikonda. Mkanda wake aliutoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Yote hayo niliyaona, na yote niliyaweka palepale: stelingi anapungua, chuma kinakuja.

Wakamlaza tena. Ilipofika Jumamosi, banda lilijaa kama kawaida, na hakukuwa na mtafsiri. Mzee Rajabu akaiweka filamu ya Bigilimana kwa Kiingereza chake, watu wakaanza kunung'unika, na mimi nikainuka kwenye mkeka nikaenda kuchukua maiki. Niliyajua maneno yote, hadi pale baba alipozoea kukohoa. Nilipotaja Kidahwe watu walicheka vizuri, wakatulia. Sijawahi kujiona mkubwa kama siku ile.

Ukuta ulikuwa umeanza kupasuka nilipomwona mama mlangoni. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka hospitali, khanga imelowa jasho. Alinijia hadi pale mbele, akainama.

"Twende. Baba yako anakuita."

Nikafunika maiki kwa kiganja, kama baba alivyofanya. "Mama, ngoja imalizike. Watu watasikiliza nani? Mwambie nitakuja kesho, akishachajiwa."

Nilitegemea kofi. Mama alinitazama, akawatazama wale watu waliokuwa wanatuangalia. Kisha akageuka akatoka. Alikuwa na mwendo wa kurudi, na hakuwa na muda wa kubishana na mtoto. Mimi nikaondoa kiganja nikaendelea. Mkono wa Bigilimana ukafunguka, nikalegeza sauti: msilie, amelala tu, anachajiwa, Jumamosi atakuja. Siku hiyo makofi yalichelewa. Alianza Mzee Rajabu peke yake, akifuta macho, ndipo wengine wakafuata.

Nilibaki kumsaidia Mzee Rajabu kupanga mabenchi, na nilipotoka nje jua lilikuwa limeanza kushuka. Nyumbani nilikuta wanawake wameshaanza kutandika mikeka.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda bandani kabla ya watu wote. Nilikaa nikamngoja. Bigilimana alikuja, na miguu yake miwili na mluzi wake. Baba hakuja. Mzee Rajabu hakunifukuza wala hakuniuliza, aliniacha nikakaa mpaka akafunga, na filamu ile hakuiweka tena maishani mwake.

Nimekuwa mtu mzima, Kiingereza nimekisoma, na miaka michache iliyopita nikaipata filamu yenyewe kwenye simu. Nikaiona peke yangu, bila baba. Bigilimana anakufa. Inasemwa wazi, kwa maneno mepesi ambayo hata wa darasa la saba anayaelewa. Nilikasirika, nikampelekea mama lawama kama mtoto: kwa nini baba alitudanganya watu wote wale?

Tulikuwa tunachambua dagaa uani. Mama hakuinua macho. Akaniambia kwamba mara ya kwanza baba aliitafsiri sawasawa, kwamba mtu yule amekufa, na mimi nilikuwa na miaka sita, nikalia siku mbili nikikataa kula. Jumamosi iliyofuata ndipo akaanza habari za kuchaji. Watu wazima walijua. Banda zima lilijua, wakapiga makofi kwa ajili yangu miaka mitatu.

Sasa nawaambia kwa nini filamu ile ni ya shujaa, na ya baba, pamoja na uzuri wake, haikuwa. Kwa mkono wa upendo alikuwa ameitoa ile sehemu inayouma, na ndiyo sehemu yenyewe. Anayejua atarudi Jumamosi hajatoa kitu. Shujaa ni yule aliyekuja bandani na mguu mmoja, sauti imebaki nusu, akijua hakuna meli yoyote inayoleta chuma, akashika maiki ili mtoto wake asikose usingizi. Nilikaa futi mbili kutoka kwake, nikimtazama mwingine kwenye kioo.

Nilimuuliza mama jambo ambalo sikuwahi kuthubutu. Aliporudi hospitali peke yake, alimwambia nini?

Mama alitupa dagaa mmoja aliyeharibika, akachukua mwingine.

"Aliniuliza, 'Mwana wanje, mwanangu, yuko wapi?' Nikamwambia yuko njiani, anakuja."

Baba akasema, "Ego," yaani ndiyo, akaugeuza uso mlangoni akangoja. Hakuuliza tena. Nimepiga hesabu ya mwendo wa mama mara nyingi, na kila nikiipiga inakwenda kuangukia palepale: baba alikuwa anautazama ule mlango, na mimi nimeshika maiki yake, nawaambia watu wa Katubuka wasilie.